Mwezi Usio na Mkosi

Mama Bongju alikuja na sahani ya vitumbua vya mchele kushukuru, na ndivyo Yangim alivyojua kwamba mavyaa wake amegawa mbegu.

"Mbegu gani?" Yangim aliuliza, mikono imejaa povu la vyombo.

"Hee, hujui? Zote! Ufuta, maharage meusi, pilipili zake zile ndogo ambazo nimeziomba miaka nenda miaka rudi akaninyima. Jana kaniita mwenyewe, kaniambia chukua, mie basi. Mkono umekuwa wazi siku hizi bibi yule, heri yake."

Yangim alitabasamu, akapokea sahani, akamsindikiza jirani mpaka getini. Aliporudi jikoni hakugusa vyombo tena, akakaa sakafuni.

Niwaambie ninyi msiolima: kwetu mbegu ni za mwanamke wa nyumba. Hata wakati wa vita, bibi zetu walichemsha magome ya miti na mbegu zikabaki kwenye vibuyu. Mwanamke atatoa pete yake kabla hajatoa mbegu. Na hapo ndiyo kwanza ardhi ilikuwa inapata joto, kijiji kizima kinanoa majembe. Mama Malsun, mwenye miaka themanini na moja, ambaye hakuwahi kukosa msimu hata mwaka alipozaa, alikuwa amemaliza kulima duniani, na hakuna mwingine aliyeona ajabu.

Pansu, mumewe Yangim na mwana pekee wa bibi huyo, ndiye hasa ambaye hakuona ajabu yoyote.

"Sasa ndiyo nini, Mama Nari?" alimwambia mkewe walipobaki wawili mezani. "Wakati wa baridi mama alikuwa hali chakula, ukasema anaumwa. Sasa anakula, anacheka na watu, bado unasema anaumwa. Lipi kwako ndiyo afya?"

"Hilo la kucheka ndilo linalonitisha. Miezi yote ile alikaa anatazama ukuta, kifua kinawaka moto. Tukampeleka kwa daktari wa tumbo, wa moyo, wa mitishamba, hakuna aliyemfaa. Halafu ghafla mzima. Nani kamponya?"

"Majira yamebadilika. Hata mimi goti limepona."

"Baba Nari, nataka kumpeleka kwa daktari wa akili."

Pansu aliweka vijiti vyake chini. "Rudia."

"Wapo wanaotibu wazee peke yao."

"Hata wangekuwapo wanaotibu ng'ombe peke yao! Nari anaolewa vuli hii. Wakwe wakisikia bibi yake anatibiwa wazimu, wataulizia na damu yako."

"Damu yangu inaingiaje? Bibi ni wa upande wako."

Pansu hakucheka. Ni mtu mwema, sitaki mumchukie. Hajawahi kumwinulia mama yake sauti. Lakini wema wake ulikuwa wa kununua vitu. Chumba cha pili, mama yake alikuwa anasikia kila neno, kwa kuwa masikio yake yalikuwa makali kuliko ya paka. Hakukohoa hata mara moja.

Mwaka huo ulikuwa na mwezi wa ziada, ule unaochomekwa kwenye kalenda ya mwezi ili isiachane na majira. Sisi tunauita mwezi mtupu. Mizimu na miungu haiuhesabu, imelala, kwa hiyo ukigusa kaburi au ukishona sanda hakuna wa kukudhuru. Tena wazee wanasema sanda iliyoshonwa mwezi huo humwongezea mwenyewe umri. Mtoto mwenye heshima humshonea mzazi wake mapema, na mzazi hufurahi. Pansu alikuwa amenunua kitambaa cha katani halisi ya hapa hapa nchini, siyo ile inayoletwa kwa meli, na kijiji kizima kilimsifu.

Basi wanawake walikutana kwenye ukumbi wa wazee kushona. Sakafu ina joto, chai ya shayiri, mdomo haupumziki.

"Uzi msifunge fundo, jamani," Mama Malsun aliwaambia. "Nitafungika njiani nishindwe kufika."

"Kufika wapi wewe? Hii italiwa na nondo kabla hujaivaa!" Mama Bongju akasema, na wote wakacheka.

"Haitaliwa na nondo," alijibu Mama Malsun, taratibu, kama anayemtuliza mtoto. Kisha akauliza, "Mwezi huu unaisha lini?"

"Jumatano ijayo."

"Basi shoneni haraka."

Wakacheka tena. Yangim alikuwa anashona mkono wa kushoto wa vazi hilo, maana sanda yetu ni nguo kamili, akajichoma sindano, damu ikaingia kwenye katani. Wenzake wakamkemea, wakakata kile kipande. Mavyaa wake alimwangalia kwa muda mrefu.

Kumtafuta huyo daktari ilikuwa kazi ya aibu tupu. Yangim alianzia hospitali ya mji mdogo, akamdanganya mavyaa kwamba wanakwenda kupimwa kumbukumbu, maana kupimwa kumbukumbu siku hizi ni heshima, kila mzee anakwenda. Mama Malsun alivaa koti lake zuri. Daktari, kijana mwenye saa kubwa, akamwambia atoe saba katika mia, aendelee kutoa. Bibi akatoa mpaka mwisho bila kukwama. Akatajiwa vitu vitatu, akavirudia, akaongeza na rangi ya tai ya daktari.

"Bibi huyu atatuzika sote!" daktari alicheka.

Yangim alimfuata nje ukumbini. "Daktari, samahani, si kusahau. Ni moyo wake. Amegawa mbegu..."

"Mbegu?" Alimtazama machoni, watu wa kwenye viti nao wakamtazama. "Mama, wewe mwenyewe unalala usiku? Pengine wewe ndiye unayehitaji dawa."

Mtu mmoja alicheka. Yangim aliinama kushukuru, kama tulivyofundishwa kumshukuru hata anayetutemea mate, akaenda kulipia.

Kwenye basi la kurudi Mama Malsun alimpapasa mkono. "Umesikia? Sina kitu. Usihangaike na mimi, mwanangu." Alikuwa hajamwita mwanangu hata siku moja tangu aolewe. Yangim aligeukia dirishani ili asionekane.

Aliyemsikiliza ni nesi wa zahanati ya kata, Bi Cho, mwanamke mnene asiye na subira. Kwetu kuna msemo kwamba uongo mkubwa ni wa namna tatu: mfanyabiashara akisema anauza kwa hasara, msichana akisema haolewi, na mzee akisema anataka kufa. Bi Cho alikuwa anaandika jina huku anasikiliza kwa sikio moja.

"Huwa anasema anataka kufa?"

"Zamani alisema kila siku, mpaka tukazoea. Tangu mwezi huu mtupu uanze, hasemi tena."

Bi Cho aliacha kuandika. Alikwenda kufunga mlango.

"Sikiliza, Mama Nari. Mjini mkoani kuna Daktari Pyo, mwanamke, anatibu akili za wazee tu. Mpigie. Wakikwambia foleni ni mpaka kiangazi, usikate simu. Lia. Huna aibu ya kulia?"

"Aibu imeniishia kule hospitali."

"Haya. Na mpaka siku hiyo asilale peke yake, asibaki peke yake na ghala. Umenielewa?"

Yangim alielewa. Siku ile ile alitia kufuli jipya kwenye ghala la dawa za shamba, ufunguo akauning'iniza shingoni, na godoro lake akalihamishia chumbani kwa mavyaa, akisingizia mumewe anakoroma.

Foleni ilikuwa mpaka kiangazi kweli. Yangim alilia kwenye simu. Binti wa mapokezi akasema samahani, akasema samahani tena. Lakini siku mbili baadaye alipiga mwenyewe.

"Pana nafasi Jumatano asubuhi. Mgonjwa mmoja hatakuja."

"Amepona?"

"Mama, unaichukua au niwape wengine?"

"Naichukua."

Jumatano! Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya mwezi mtupu, na Pansu alikuwa na shughuli yake. Kaburi la baba yake lilikuwa upande wenye maji, lilitakiwa kuhamishiwa juu ya kilima, na kando yake kuandaliwa nafasi ya mama. Katapila la wilaya nzima lilikuwa limeshikwa na watu wa makaburi tangu mwezi uanze, na zamu yake ilikuwa hiyo hiyo Jumatano.

"Daktari anaweza kungoja," Pansu alisema. "Mwezi haungoji."

"Na mama yako je?"

"Mama ndiye aliyeniomba! Kasema, hamisha baba yako, nami nichimbie pembeni, nitatulia. Unataka nimkatalie mama yangu ombi lake la mwisho?"

Neno lile lilimtoka bila kulipima. Walitazamana wote wawili, na Pansu akawa wa kwanza kuangalia kando.

"La mwisho ni namna ya kusema tu," akasema.

Jumatano asubuhi wanaume walipanda kilimani. Yangim alitoka uani akiwa amevaa nguo za safari.

"Mama, leo sikudanganyi. Nakupeleka kwa daktari wa akili. Wa wazee."

"Nenda wewe," Mama Malsun alisema, anafagia. Alikuwa amefagia ua wote, hata nyuma ya mitungi. "Mimi nina kazi."

Yangim alipiga magoti pale pale kwenye udongo, geti likiwa wazi, barabara nzima inaona. Mkaza mwana kumpigia mavyaa magoti hadharani, kwetu maana yake ni moja: nyumba hiyo ina jambo baya. Mzee wa duka alipunguza mwendo wa baiskeli. Mama Bongju alichungulia juu ya ukuta.

"Inuka! Una wazimu?"

"Siinuki."

"Watu wanatuona, wewe mtoto! Watasema nakutesa!"

"Waseme. Nitakaa hapa mpaka jioni, waje na wa kijiji cha pili."

Mama Malsun alishika fagio lake kwa mikono miwili. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kupata neno la kusema juu ya nyumba yake, na alikuwa amepanga liwe hivyo mpaka dakika ya mwisho. Hasira ilimpanda.

"Nitakwenda ili uinuke," alisema. "Lakini turudi kabla jua halijazama. Umesikia? Kabla halijazama."

Chumba cha Daktari Pyo kilikuwa na dirisha dogo na viti vya kawaida. Mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye mvi, sauti nzito ya mvuta sigara. Mama Malsun alikaa wima, mkoba mapajani, akajibu kila swali kama anayesahihishwa mtihani. Anakula? Vizuri. Analala? Vizuri. Watoto? Wema mno, mwanangu kaninunulia katani halisi.

"Mwaka huu unapanda nini, mama?" daktari aliuliza, anafunga faili.

Hilo hakuwa amejiandaa nalo.

"Sipandi."

"Kwa nini?"

"Nani atavuna?"

Daktari alisogeza kiti chake mbele mpaka magoti yao yakakaribiana. "Mama, nitakuuliza jambo, usinijibu kwa ajili ya heshima. Umepanga kufa?"

Yangim alishika ukingo wa kiti. Alidhani mavyaa atasimama, atatukana, ataondoka. Lakini Mama Malsun alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Leo. Jua likizama mwezi unakwisha." Na kwa kuwa yule daktari alikuwa mtu wa mjini, akamweleza kwa subira. "Mjukuu wangu anaolewa vuli. Anayejiua siku za kawaida huiachia nyumba mkosi, harusi itaharibika. Mwezi huu hauhesabiwi. Nikienda sasa, hakuna atakayedhurika. Sanda iko tayari, kaburi wanachimba, deni la mtu sina. Nimewapangia vizuri."

Alisema hivyo kwa fahari. Wallahi, alikuwa anajivunia! Alikuwa amekaa miezi mingapi gizani, kifua kinawaka, hakuna anayemwelewa, na kitu pekee kilichompa nguvu ya kula na kucheka ni kwamba ameona mlango. Na sisi sote tulimshonea, tukamchimbia, tukapokea mbegu zake. Angetumia njia gani, hilo sitalisimulia, halimfai yeyote.

Yangim alilia kwa sauti, bila kuficha uso. "Mama, umewezaje kupanga hivyo! Na mimi je? Ningeamka nikute nini?"

"Ungenilaumu siku chache," Mama Malsun alisema. "Halafu ungepumzika. Umechoka, mwanangu, nakuona."

"Sijachoka!"

"Umechoka."

Daktari Pyo alisema wazi kwamba bibi harudi nyumbani leo. Huu ni ugonjwa, una dawa, watu wanatoka humu wakaenda kupanda. Lakini mgonjwa akikataa kulazwa, sheria inataka sahihi za ndugu wawili. Mama Malsun alikataa. Alishika mkoba wake, akaanza kuangalia jua dirishani.

Yangim alimpigia mumewe. Katapila lilikuwa linanguruma.

"Njoo mjini sasa hivi. Inatakiwa sahihi yako."

"Sasa hivi? Mama Nari, tumeshamtoa Baba! Mifupa iko juu ya karatasi, hatujaipanga. Namwachaje mzee wangu hivyo? Nitakuja kesho."

"Kesho mama yako hayupo."

"Maneno gani hayo?"

"Ni yake, kamwambia daktari mbele yangu. Alipanga leo, jua likizama. Sanda uliyomnunulia ni ya leo. Shimo unalochimba ni la leo, Pansu!"

Alikuwa hajamwita kwa jina tangu waoane. Mngurumo uliendelea. Kisha Yangim akamsikia mumewe anapiga kelele, "Zima! Zima hiyo!" na simu ikaanguka mahali.

Pansu alifika alasiri, matope mekundu mpaka magotini. Mlinzi alimzuia mlangoni, akamwambia avue mabuti, sakafu imepigwa deki. Yeye, mwenyekiti wa ushirika wa vitunguu saumu, mtu anayeamkiwa na wilaya, alivua akayashika mkononi, akapita mapokezi kwa soksi iliyotoboka kidole. Walipompa karatasi alitia sahihi bila kusoma. Yangim alitia yake chini.

Mama Malsun alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba yako umemwacha na nani?"

"Na baba mdogo."

"Juani?"

"Juani, Mama."

"Na kaburi wazi?"

"Wazi."

Alimpiga kofi. Mzee wa miaka themanini na moja, kofi likalia mpaka nesi akageuka. "Mtoto mjinga! Unaacha kaburi wazi mwezi unaisha! Mimi nimehangaika usipatwe na baya, wewe unalivuta kwa kamba!"

"Acha linipate," Pansu alisema. Alikuwa ameanza kulia kwa mdomo wazi, kama mtoto aliyepotezwa sokoni. "Mkosi wowote uje. Sitaki mwezi mzuri, Mama, nakutaka wewe. Sikuona. Mama Nari aliona, mimi sikuona."

Mama Malsun aligeukia ukutani. Walikaa hivyo mpaka dirisha likaanza kuwa jekundu, kisha la kijivu, kisha taa zikawashwa. Nesi aliingia na sinia lenye sindano na kikombe cha maji.

"Binti," Mama Malsun alimwambia, bado anatazama ukuta, "mwezi wa ziada mwingine ni lini?"

Nesi, mtoto wa watu, hakujua anachoulizwa. Alitoa simu mfukoni, akatafuta. "Si mwaka kesho, bibi. Mwaka ule unaofuata, kiangazi."

"Mbali."

"Mbali, bibi."

Mzee alifikiri. Kisha akageuka, akanyoosha mkono wake mwembamba juu ya shuka ili achomwe.

"Basi nitangoja."

"Umesikia, Mama Nari?" Pansu alimshika mkewe mabegani, anacheka huku machozi yanamtoka. "Atangoja! Kasema atangoja!"

Yangim hakucheka. Alitoka, akaenda mpaka dirisha la mapokezi, ambako yule binti wa simu alikuwa anafunga kazi.

"Nipangie nafasi kwa Daktari Pyo," alisema. "Wiki ijayo, na inayofuata, na zote baada ya hapo."

"Mpaka lini, mama?"

"Kiangazi cha mwaka ule unaofuata. Mpaka mwezi huo upite."